Kwa nini mgombea lazima afike vijiji vilivyodorora kiuchumi, hata kama kura zake haziko huko

#1 – Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Kila uchaguzi ukikaribia nasikia sentensi ileile kutoka kwa wapanga ratiba za wagombea: "Kule hakuna kura." Kule ni kwenye vijiji ambako mgodi umefungwa, kiwanda kimehama, bei ya zao imeanguka na vijana wameondoka. Wanahesabu kilomita, wanahesabu mafuta ya magari, wanahesabu waliojiandikisha, halafu wanapiga mstari. Mgombea atahutubia nyomi mjini mara 4, na kule yatatumwa mabango.

Hoja yangu ni kwamba mgombea anapaswa kwenda huko, na sababu kubwa si kura. Kampeni ndicho kipindi pekee ambacho mtaka madaraka anamhitaji maskini kuliko maskini anavyomhitaji yeye. Akishaapishwa mambo yanageuka. Atakuja na msafara, atapokelewa na viongozi waliopaka chokaa mawe ya barabarani siku mbili kabla, ataoneshwa kile alichoandaliwa, na mwenye shida atawekwa nyuma ya kamba. Anayeomba kura hana kamba hiyo. Anashikwa mkono na yeyote, anaulizwa lolote, na hathubutu kumjibu mtu "andika barua, uilete ofisini".

Mfano ninaourudia siku zote ni wa West Virginia, Marekani, mwaka 1960. John F. Kennedy alikuwa seneta wa Massachusetts, mtoto wa tajiri, Mkatoliki, akigombea kura za mchujo za chama chake katika jimbo ambalo karibu lote lilikuwa la Waprotestanti. Tusimtakase: alikwenda kwa hesabu. Alitaka kuwaonesha vigogo wa Democratic kwamba Mkatoliki anaweza kuchaguliwa na Waprotestanti. Shida za wachimba makaa ya mawe hazikuwa ndizo zilizompandisha gari.

Ila alipofika akayakuta ambayo hakuwa ameyaona kwao. Mashine zilikuwa zimeingia migodini. Wachimbaji waliokuwa zaidi ya 100,000 mwishoni mwa miaka ya 1940 walikuwa wamebaki chini ya 50,000. Wanaume wenye nguvu zao wanashinda wamekaa barazani mchana kweupe. Familia nyingi zinaishi kwa mgawo wa chakula cha ziada cha serikali: unga, mchele, mafuta ya nguruwe, maziwa ya unga, mwezi baada ya mwezi. Aliongea na wachimbaji wakitoka zamu, nyuso bado nyeusi kwa vumbi la makaa, akapita kwenye vijiji vilivyobanwa kati ya milima, akasikia swali moja kwa sauti nyingi: watoto wetu watakula nini?

Tarehe 10 Mei 1960 akamshinda Hubert Humphrey kwa takriban 61% kwa 39%, na Humphrey akajitoa kwenye kinyang'anyiro. Sasa angalieni kilichofuata. Kennedy aliapishwa tarehe 20 Januari 1961. Kesho yake akasaini amri yake ya kwanza ya kirais, na ilihusu kuongeza mgawo wa chakula kwa familia zenye shida. Tarehe 29 Mei mwaka huohuo, vocha za kwanza za chakula za mpango mpya wa majaribio zilitolewa katika kaunti ya McDowell, kusini kabisa mwa West Virginia, kwa familia ya mchimbaji asiye na kazi. Mpango huo ndio uliokua ukawa wa taifa zima, na mpaka leo unalisha mamilioni ya Wamarekani, wengi wao wa mijini ambao hawajawahi kuliona jimbo hilo.

Ripoti za njaa zilikuwepo Washington muda wote huo. Kilichokosekana ni mtu mwenye uwezo wa kusaini ambaye amekaa uso kwa uso na mwenye njaa huku akimwomba kitu.

Mfano wa pili ni Brazil. Lula da Silva alishindwa urais mwaka 1989. Mwaka 1993 akapanda basi na wenzake kuanzia Garanhuns, Pernambuco, eneo alikozaliwa, wakafuata njia ileile ambayo mama yake aliwapitisha yeye na ndugu zake mwaka 1952, siku 13 nyuma ya lori, wakikimbia ukame kwenda kutafuta maisha kusini. Safari hizo za mabasi ziliendelea kwa miaka, kwenye miji midogo na mashamba ambako wagombea wa urais hawakuwa na mazoea ya kufika. Akashindwa tena 1994. Akashindwa 1998. Mtu wa ratiba angesema mafuta yote yale yalipotea. Mwaka 2002 akashinda, na mwaka 2003 ukaanza mpango wa Bolsa Família wa fedha kwa familia maskini, na ule wa Luz para Todos wa kupeleka umeme vijijini, uliolenga watu milioni 10 waliokuwa wanaishi gizani. Mwaka 2022, alipomshinda mpinzani wake kwa 50.9% tu kitaifa, Kaskazini Mashariki maskini ilimpa karibu 69%. Watu wale hawakusahau.

Na jambo la mwisho, ambalo watu wa mjini hulipita haraka: ahadi iliyotolewa kwenye runinga haina mwenyewe. Ahadi iliyotolewa kwenye uwanja wa shule ya kijiji, mbele ya watu 200 wanaofahamiana kwa majina, ina mashahidi 200. Diwani ataulizwa. Mbunge ataulizwa. Mgombea akirudi baada ya miaka mitano, atakutana na mzee yuleyule amekaa kiti kilekile.

Karibuni tujadili. Ninaomba tusizungumzie vyama, tuzungumzie jambo lenyewe.

#2

Mkuu mleta uzi, hoja yako ina utu ila hesabu zake hazijakaa sawa.

Siku za kampeni ni chache na mgombea ni mmoja. Siku moja ya barabara mbovu kwenda kijiji chenye wapiga kura 600 ni siku ambayo angekutana na watu 30,000 katika mji mmoja. Anayeshindwa uchaguzi hana kijiji atakachokisaidia. Kwanza shinda, halafu uwe na huruma.

Na mifano ya waliojaribu tunayo. Texas mwaka 2018, Beto O'Rourke, aliyegombea useneta kupitia Democratic, alizunguka kaunti zote 254 za jimbo, hata zile zenye watu wachache kuliko wanafunzi wa shule moja. Alishindwa na Ted Cruz kwa pointi kama 2.6, na vijijini alipigwa vibaya sana licha ya jasho lote lile. Angetumia siku zile kuhamasisha mijini labda leo tungekuwa tunazungumza mengine.

#3

Nimekulia sehemu ya namna hiyo, kwa hiyo nitasema bila kupamba.

Tumechoka kutembelewa. Wakija wanavaa viatu vya kazi vilivyonunuliwa wiki hiyo. Wanabeba mtoto wa mtu bila kuuliza jina lake. Mpiga picha anamwambia mama ageukie mwanga. Kisha magari yanaondoka, na sisi tunabaki na vumbi.

Mleta uzi umeitaja Marekani, basi na mimi nitaitaja. Tarehe 24 Aprili 1964 Rais Lyndon Johnson alikwenda Inez, Kentucky, mwaka wa uchaguzi, akachuchumaa kwenye baraza la nyumba ya mbao ya mtu asiye na ajira, baba wa watoto wanane, wakapigwa picha. Picha ile ikawa ndiyo sura ya vita dhidi ya umaskini. Baba yule alibaki maskini mpaka mwisho, na waandishi waliendelea kurudi kila walipotaka kuandika kuhusu umaskini, kana kwamba nyumba ile ni makumbusho.

Na McDowell uliyoisifia? Mwaka 1950 ilikuwa na watu karibu 99,000. Sensa ya 2020 ilikuta kama 19,000. Wagombea wamepita, wamehutubia, wamevaa kofia za wachimbaji. Watu wamehama.

Sisemi wasije. Ninauliza wanakuja kufanya nini.

#4 – Mleta uzi

Naanza na mkuu wa #2, halafu dada wa #3 nitamjibu kwa utulivu kwa sababu swali lake ni zito zaidi.

Mkuu, Texas umeisoma nusu. Cruz alishinda kiti kilekile mwaka 2012 kwa pointi 16 hivi. Mwaka 2018 zikabaki 2.6. Nakubali kabisa kwamba sehemu kubwa ya mabadiliko ilitoka mijini na kwenye vitongoji vyake, na kwamba vijijini hayakutokea makubwa. Lakini chama kilichokuwa hakionekani kwenye kaunti zile kwa miaka mingi, kinamtuma mtu mmoja kwa saa mbili, kisha kinashangaa hakuchaguliwa? Mtu akikukimbia miaka 20 kisha akagonga mlango wako siku moja, utamkaribisha, utampa maji, na kura utampa aliyekuwa anakuja kila mara.

Sasa hesabu yako igeuze. Wisconsin mwaka 2016: Hillary Clinton hakukanyaga jimbo lile hata mara moja katika kampeni za uchaguzi mkuu, kwa sababu lilihesabiwa kuwa ni lake. Akalipoteza kwa kura chini ya 23,000, mara ya kwanza kwa mgombea urais wa chama chake tangu 1984. Si ziara peke yake iliyoamua, na sidai hivyo. Ninachosema ni kwamba "kule hakuna kura" na "kule kura ni zetu tayari" huandikwa na kalamu moja. Eneo maskini likishaitwa ngome ya fulani, mwenye ngome haendi kwa sababu ameshashinda, mpinzani haendi kwa sababu ameshashindwa. Watu wa hapo wanamaliza uchaguzi hawajaombwa kura na mtu. Wasipoombwa kura hawaahidiwi kitu, na wasipoahidiwa hawana cha kudai bajeti ikisomwa.

Hapo ndipo linaponiuma, mkuu. Mwanaume ana miaka 45, amepiga kura kila mara, na hajawahi kuulizwa na mgombea yeyote wa ngazi ya taifa unataka nini.

#5

Wakuu, mimi nimefanya kazi ya kutangulia mbele ya msafara wa mgombea, ile ya kufika siku mbili kabla na kupanga uwanja. Nisimtaje mtu wala chama wala mahali. Nitaeleza kitu kimoja tu nilichokiona.

Tulikuwa na mgombea aliyekuwa na ilani nzuri ya kilimo, kurasa nyingi, imeandikwa na wasomi. Pembejeo, mikopo, umwagiliaji, kila kitu. Alikuwa anaifahamu kwa kichwa. Ratiba ilikuwa ni mji mkubwa wa wilaya na kurudi. Gari moja likaharibika, tukalazimika kusubiri kwenye kituo cha kununulia mazao, kijijini, hatukukipanga. Hakukuwa na jukwaa, hakukuwa na vipaza sauti, hata mwandishi hakuwepo, walikuwa wametangulia.

Mgombea akashuka, akakaa juu ya magunia matupu. Watu wakaanza kusogea wawili watatu. Akaanza ilani yake, pembejeo na mikopo. Walimsikiliza kwa adabu. Kisha mama mmoja mtu mzima akamwambia, "Mwanangu, hayo yote ni mazuri. Lakini njoo hapa."

Akamshika mkono, akamzungusha upande wa pili wa mizani. Mizani ilikuwa imewekwa imeugeukia ukuta. Namba inasomwa na mnunuzi peke yake. Mkulima anasimama upande huu, anaambiwa kilo zake, anaandikiwa karatasi, anaondoka. Mama akasema gunia lake analipima nyumbani kwa mizani ya jirani, na kila akilifikisha pale linapungua. "Miaka yote hiyo gunia langu linakonda njiani."

Wale watu wengine wakaanza kucheka kidogo, halafu wakanyamaza, maana kila mmoja alikuwa anafanya hesabu ya miaka yake.

Nilikuwa nimesimama pembeni na ile ilani mkononi. Kurasa zote zile hazikuwa na neno mizani. Wataalamu waliandika namna ya kumwongezea mkulima mavuno, na mavuno yenyewe yalikuwa yanapotea hatua tatu kutoka pale alipoyafikisha. Hakuna ripoti ingetuambia, kwa sababu anayeandika ripoti anachukua takwimu za kilo kutoka kwenye karatasi za mnunuzi.

Mkuu wa #2 anauliza siku moja kijijini inaleta kura ngapi. Mimi tangu siku ile nauliza ilani ngapi zimeandikwa zikiangalia mizani kwa mbele.

#6

Naunga mkono hoja, na ninaongeza suala la sheria, kwa sababu huruma ya mgombea haiaminiki.

Ziko nchi zilizokataa kuacha jambo hili kwa hiari. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 138, inamtaka mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zote, na pia angalau 25% ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Kaunti ni 47, kwa hiyo ni 24. Nigeria inadai si chini ya robo ya kura katika angalau theluthi mbili ya majimbo pamoja na Abuja. Indonesia inataka zaidi ya nusu ya kura, na angalau 20% katika zaidi ya nusu ya mikoa.

Sheria hizi zilitungwa kwanza kuzuia rais wa kabila moja au kisiwa kimoja. Lakini matokeo yake ni kwamba mgombea hawezi kujifungia kwenye miji yake na eneo lake akategemea wingi wa watu. Kaunti kavu yenye watu wachache inahesabiwa kaunti moja, sawa na ile iliyojaa watu. Ghafla "kule hakuna kura" inakuwa "kule kuna asilimia 25".

#7

#6 uko sahihi kwa maandishi, ila vitendo navyo tuviseme. Mgombea anaweza kupata hiyo robo bila kukanyaga. Anamtafuta kigogo wa eneo, wanakubaliana vyeo, kigogo anawaambia watu wake wampe nani. Chopa inatua, hotuba dakika 15, chopa inapaa. Sheria imetimizwa na hakuna aliyezungushwa nyuma ya mizani.

Kwa hiyo sheria inaleta mguu wa mgombea. Haileti sikio lake.

#8

Ninachojiuliza mimi ni hiki: India wana utaratibu kwamba mpiga kura asitembee zaidi ya kilomita 2 kwenda kituo cha kupigia kura. Mwaka 2019 maofisa wa uchaguzi walipanda milima ya Arunachal Pradesh kwa miguu, wakabeba mashine, wakaweka kituo kwa ajili ya mwanamke mmoja tu aliyeandikishwa pale Malogam. Mmoja. Na akapiga kura.

Kama karani wa serikali anaweza kuifuata kura moja kwa miguu, anayeitaka kura hiyo asiseme barabara ni mbovu. Na kama barabara ni mbovu kweli, basi ameshajua la kwanza la kuandika.

#9 – Mleta uzi

Dada wa #3, sasa nakuja kwako. Nimeuacha ujumbe wako ukae siku nzima kabla ya kuujibu.

Picha ya Inez ni kweli na lawama yako ni ya haki. Mtu aligeuzwa bango na hakuulizwa kama anataka kuwa bango. Lakini usiwape wapiga picha historia yote ya milima ile. Mwaka 1965 iliundwa Tume ya Kanda ya Appalachia, yaani ukanda huo wa milima ya mashariki mwa Marekani, ambayo inagusa sehemu za majimbo 13, na West Virginia yote imo ndani. Chanzo chake ni vikao vya magavana wa kule pamoja na yale Kennedy aliyoyaona mwaka 1960. Wakati huo karibu mtu 1 kati ya 3 wa Appalachia alikuwa maskini kwa kipimo cha serikali yao. Siku hizi ni karibu 1 kati ya 7. Barabara kuu zilikatwa milimani, maji na mifereji ya maji taka ikafika, zahanati zikajengwa. McDowell imebaki nyuma, na nakubali kwamba hakuna mgombea aliyeweza kuirudisha ajira ya makaa ya mawe, ingawa wengi walidanganya kwamba wataweza. Huo udongo ulichimbwa utajiri na utajiri ukaondoka na reli. Hotuba haiwezi kuurudisha, na mgombea mkweli angewaambia hivyo palepale, huku amewatazama machoni.

Swali lako lilikuwa wanakuja kufanya nini. Nina jibu, nalo lilitokea katika milima hiyohiyo. Februari 1968, Robert Kennedy, mdogo wake John, alizunguka mashariki mwa Kentucky kwa siku mbili. Wakati ule alikuwa seneta, hakuwa ametangaza kugombea urais, alitangaza mwezi uliofuata, lakini kila mtu alikuwa anamwangalia kwa jicho hilo. Hakwenda na jukwaa. Alikwenda na kikao cha kusikiliza cha kamati ya Seneti. Kimoja kilifanyika kwenye shule ya chumba kimoja pale Vortex, kingine kwenye ukumbi wa michezo wa shule ya Fleming-Neon. Seneta amekaa, wananchi ndio wanaozungumza, na maneno yao yanaandikwa neno kwa neno kwenye kumbukumbu rasmi. Mchimbaji, mama wa watoto, mwanafunzi wa sekondari, kila mmoja kwa jina lake na kwa sauti yake.

Linganisha na baraza la Inez. Pale rais alikuwa kwenye picha na mwenye nyumba akawa mapambo. Hapa mwenye shida ndiye shahidi na mwanasiasa ndiye anayeandikiwa maelezo.

Kwa hiyo nakubaliana na wewe zaidi ya unavyofikiri. Ziara ya kupiga picha ikae huko huko ilikotoka. Ninachokataa ni kwamba dawa yake iwe kutokuja kabisa. Asiyekuja hakupigi picha, ni kweli, lakini pia hakukusikia, na bajeti itasomwa vilevile.

#10 – yule wa #3

Asante kwa kunisoma vizuri, kaka. Nina masharti mawili basi, niyaweke hapa.

La kwanza, alale. Mgombea akilala kijijini usiku mmoja atajua kama kuna taa, atajua mtoto anaumwa saa nane usiku anapelekwa wapi na kwa usafiri gani, atasikia wanaume wanaongea nini wakiwa hawako mkutanoni. Akija saa nne na kuondoka saa tano anakutana na kijiji kilichovaa nguo za sherehe.

La pili, wanawake wasikilizwe bila wenyeji wakubwa kusimama hapo. Yule mama wa mizani aliongea kwa sababu gari liliharibika na viongozi wa mapokezi hawakuwepo. Mkutano ungepangwa, asingepewa kipaza sauti. Angekuwa kwenye kikundi cha ngoma ya kumlaki mgeni.

#11 – yule wa #2

Nimefuatilia tangu jana. Sibadilishi hesabu yangu kwamba siku ni chache, lakini la ngome lililoelezwa #4 sikuwa nimelitazama hivyo. Na dada wa #10 kuhusu kikundi cha ngoma, kweli kabisa, nimeona kwa macho yangu.

Swali kwa yule wa #5: ile mizani iliishaje? Mgombea alishinda? Ilibadilika?

#12 – yule wa #5

Mkuu, alishindwa. Kijiji kile alikipata kwa kishindo, wilaya ikamkataa.

Lakini siku ileile, gari lilipotengenezwa, kabla hajapanda alimwomba mnunuzi wageuze mizani. Mnunuzi akasema mizani ni nzito na imewekwa hivyo na mkubwa wake. Mgombea akavua koti, vijana wanne wakamsaidia, wakaigeuza pale pale ikawa inatazama mlango. Akamwita yule mama alete gunia lake lipimwe upya mbele ya watu wote. Sitaji tofauti ya kilo, ila mama alikaa chini.

Mwaka mmoja baadaye nilipita kituo kile kwa shughuli nyingine kabisa. Mizani bado ilikuwa inautazama mlango. Sakafuni, kuzunguka miguu yake, mtu alikuwa amechora mstari kwa chaki, na nilipouliza wa nini, kijana mmoja akaniambia wanauchora upya kila Jumatatu ili wajue kama imesogezwa.